Kufuata Mbu Ukambani

Mtoto wa Kilifi huijua homa ya malaria kabla hajajua kulitaja jina lake. Chandarua kwetu ni sehemu ya kitanda, na agizo la jioni ni lile lile nyumba hata nyumba: fungeni madirisha, jua linatua. Kwa hiyo niliposikia kwamba kijana mmoja mtaalamu wa wadudu anakwenda Makueni na Kitui, kule Ukambani, kutafuta mbu, nilimuuliza kwa mshangao: mbu wa kutafutwa? Kwetu mbu hatafutwi, yeye ndiye hukutafuta wewe. Akatabasamu, akaniambia, "Dada, mahali mbu ni wengi kila mtu anawajua. Mahali ni wachache hakuna anayewaandika." Nikaomba kuandamana naye.

Kabla ya kuondoka alinionyesha ramani. Mwaka 2010, Robi Okara na wenzake, akiwemo Charles Mbogo wa taasisi ya utafiti ya KEMRI aliyefanya kazi miaka mingi huku kwetu Kilifi, walikusanya kila taarifa waliyoweza kuipata ya mahali ambapo mbu waenezao malaria walinaswa nchini Kenya kati ya 1990 na 2009. Walipata mahali 498, na kila mahali pakawa nukta. Nukta hizo zimesongamana Nyanza kando ya Ziwa Viktoria, zikasongamana Pwani, zikasongamana na Mwea penye mashamba ya mpunga. Sababu yake inaeleweka. Huko ndiko malaria inakosumbua zaidi, na huko ndiko watafiti walikojenga vituo vyao. Lakini ukishuka kwenye nyika ya Makueni na Kitui, nukta ni za kutafuta kwa kidole.

Nafasi nyeupe kwenye ramani ya namna hii ina hatari yake. Mwenye haraka akiitazama atasema hapa hakuna mbu. Mwenye kuijua kazi atasema hapa hatujapita. Safari yangu ya Ukambani ilikuwa ya kutembea ndani ya nafasi hiyo nyeupe, na niliyoyaona yamenifanya niamini kwamba ndiyo sehemu ya ramani inayotuhusu sana sasa.

Ukambani ya magazeti ni ya njaa, ya punda waliobebeshwa mitungi na ya mito isiyo na maji. Niliyoikuta Januari, baada ya mvua za vuli, ilikuwa kijani kibichi. Kuanzia Mtito Andei mibuyu ilikuwa imevaa majani, ndengu zimekomaa mashambani, na kando ya barabara wanawake wameanika mavuno kwenye maturubai. Mibuyu ni ile ile ya Kilifi, ila ya kwetu husikia bahari. Ya huku imezoea kungoja. Wenyeji waliniambia kwamba mvua ya Machi haiaminiki, na kwamba mkulima wa huku hutegemea ile ya Oktoba hadi Desemba. Mbu nao wanaishi kwa kalenda hiyo hiyo. Kwetu Pwani wapo karibu mwaka mzima. Huku huja na mvua, wakakaa wiki kadhaa, kisha wakapungua hadi mtu akasahau kama waliwahi kuwapo.

Isipokuwa Kibwezi. Kibwezi ina maji yasiyofuata kalenda. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkano, ikaja kuchomoza huku chini kama chemchemi safi. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta wamisionari wa Kiskoti waliofika hapa mwaka 1891, wakigharimiwa na William Mackinnon na wenzake wa Kampuni ya Imperial British East Africa. Palikuwa na mto, kivuli na udongo mzuri, na nani angechagua mahali pengine? Mwaka 1898 walifunga mizigo wakahamia Kikuyu kwenye baridi. Homa ilikuwa imewanyima nguvu, na baadhi yao walibaki makaburini. Wakati wanahama, ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Ronald Ross, daktari wa jeshi huko India, aone vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu, Agosti 1897. Kwa hiyo Kibwezi ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye ramani ya malaria kabla ya ramani yenyewe kuchorwa, na wino wake ulikuwa misiba.

Siku hizi maji yale yanaingia mashambani kwa mifereji. Nilikuta bamia, karela, biringanya na pilipili zinazolimwa kwa soko la mbali, na mzee mmoja mwenye shamba akatukaribisha kwa tahadhari alipoona vifaa vyetu. Kijana alikuwa na kata nyeupe yenye mpini mrefu. Alikuwa akiinama pembeni mwa mfereji, anachota polepole ili kivuli chake kisiwashtue wadudu, kisha anaishika kata juani tukaitazama pamoja. Akanifundisha kusoma maji. Viluwiluwi vya mbu wa kawaida, wale wapigao kelele usiku bila kuleta malaria, huning'inia kichwa chini huku mrija wao wa kupumulia ukigusa uso wa maji. Viluwiluwi vya Anofelesi havina mrija huo, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Nikiwa mtu niliyeishi na mbu tangu kuzaliwa, nilikuwa sijapata kuangalia maji kwa namna hiyo.

Mzee akatuuliza moja kwa moja, "Mmekuja kuniambia nifukie mfereji? Mfereji huu ndio uliosomesha watoto wangu."

"Hapana, mzee," kijana akamjibu. "Ukiyaondoa majani ya pembeni na kuyaacha maji yakimbie, hawakai. Wanapenda pale palipotulia."

Mzee akatafakari, kisha akatuonyesha kwa fimbo sehemu tatu za shamba ambako maji yalikuwa yametuama kwa sababu ya mfereji uliobomoka. Zote tulizipima, na zote zilikuwa na viluwiluwi. Hakuna setilaiti ambayo ingeziona. Huyo mzee alikuwa na ramani yake kichwani, na kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Kesho yake alfajiri tuliingia katika nyumba ya mama mmoja aliyekubali. Kazi ya kunasa mbu wa ndani ina utaratibu wake. Vyakula na vyombo hutolewa nje, mashuka meupe hutandazwa sakafuni na juu ya kitanda, milango ikafungwa, kisha hupulizwa dawa ya pareto. Baada ya dakika chache mashuka hukunjuliwa nje kwenye mwanga, na mbu walioanguka huokotwa mmoja mmoja kwa koleo ndogo na kutiwa kwenye vichupa vyenye tarehe na jina la mahali. Majirani walisimama kutazama. Watoto walitaka kujua yupi ni jike. Kijana akawaonyesha: jike ndiye anayekunywa damu, kwa kuwa anaihitaji ili mayai yake yakomae, na tumbo la aliyeshiba usiku ule lilikuwa jekundu.

Mama mwenye nyumba alikuwa kimya muda wote. Tulipomaliza, akiwa anarudisha sufuria zake, alisema, "Mwanangu, wengine walikuja zamani wakawachukua hivyo hivyo. Mkishawahesabu, mtarudi kutuambia?"

Swali hilo lilinikaa moyoni safari yote. Hesabu ya mbu wa nyumba yake itakwenda Nairobi, itaandikwa kwa Kiingereza, itasomwa na watu wa mbali, na yeye aliyefungua mlango alfajiri hatajua kama aliolala nao chumba kimoja ni wa hatari au la. Kijana alimwahidi kuleta majibu kwenye zahanati ya karibu, na mbele yangu akaandika namba ya simu ya muuguzi wa pale. Naliona hilo kuwa sehemu ya sayansi yenyewe, kwa maana mtu aliyejibiwa mara moja atafungua mlango mara ya pili.

Majibu yenyewe hayapatikani papo hapo. Mbu wawili muhimu wa malaria katika nchi yetu, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, hawatofautiki kwa macho hata chini ya hadubini; lazima wapimwe vinasaba maabara. Lakini tabia zao zinatofautiana sana. Gambiae humfuata binadamu, huuma ndani ya nyumba usiku wa manane, na baada ya kushiba hupumzika ukutani. Chandarua chenye dawa kinampata vizuri, na ndiyo maana katika Nyanza na hata kwetu Kilifi idadi yake ilishuka vyandarua vilipoenea. Arabiensis anastahimili nchi kavu, anakunywa damu ya ng'ombe sawa na ya mtu, na mara nyingi huuma na kupumzika nje. Katika utafiti ule wa 2010 ndiye aliyeonekana kuenea zaidi nchini, na nyika ya Makueni na Kitui ni makao yanayomfaa kabisa.

Hapo ndipo mila inapoingia. Jioni za Kibwezi watu hukaa nje. Chakula hupikwa nje, mazungumzo ni nje, ng'ombe na mbuzi wako kwenye zizi hatua chache kutoka mlangoni, na joto la nyumba za mabati halimruhusu mtu kuingia ndani mapema. Sisi tulioambiwa kwamba chandarua ndicho kinga tumefundishwa nusu ya somo. Mahali ambapo mbu anauma saa mbili usiku karibu na zizi, somo lazima lifike zizini.

Tulisimama Makindu kula kwenye hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa avue viatu, afunike kichwa, aketi, apewe chapati, dengu na chai ya maziwa bila kuulizwa pesa. Madereva wa malori walikaa sakafuni pamoja na wanafunzi na bibi kizee aliyekuwa anakwenda hospitali. Wengi wa Makalasinga wa awali walikuja kujenga reli, na homa iliwaangusha wengi njiani katika nyika hii. Jibu lao kwa nchi iliyowapokea kwa ugumu limekuwa sahani ya chakula kwa kila anayepita. Nimeingia misikiti na makanisa mengi yanayohubiri ukarimu, hapa niliula.

Kutoka joto la Makindu tulipanda hadi milima ya Kilungu, na ndani ya safari fupi nikavaa sweta. Kibwezi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Vilele vya Kilungu na Mbooni vinapita mita 1,800. Mitelemko yote imekatwa matuta ya fanya juu, ambayo wakulima wa Ukambani wameyachimba vizazi kwa vizazi hadi jina lake la Kiswahili likaingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. Juu ya matuta kuna kahawa, ndizi na parachichi. Bibi mmoja aliyetupa uji alituambia, bila kuulizwa, "Homa ya mbu si ya hapa. Huletwa na wanaoshuka."

Bibi huyo hajasoma elimu ya wadudu, lakini alikuwa sahihi. Vimelea vya malaria vinapoingia ndani ya mbu vinahitaji muda wa kukomaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye joto la Kibwezi huchukua wiki mbili hivi. Hewa ikipoa muda huongezeka, na chini ya nyuzijoto 16 hivi vimelea vya aina iuayo zaidi havikomai. Mbu wa mlimani hufa kabla ya vimelea kuwa tayari. Baridi imekuwa ngome ya watu wa Kilungu na Mbooni kwa karne nyingi. Wakamba wa kale walijenga milimani na kushuka tambarare kwa ajili ya malisho, na wakati wa shida walirudi juu. Ramani ya makazi yao ilifuata baridi, maji na usalama. Dunia inapozidi kupata joto, mstari unaotenganisha mlima na homa utasogea juu, na watu wa huku, kama huyu bibi, wataugua bila kinga mwilini.

Upande wa Wote, makao makuu ya kaunti, nilielewa kwamba hii si mara ya kwanza mdudu kuchora ramani ya Makueni. Hadi miaka ya 1940 sehemu kubwa ya tambarare hizi ilikuwa pori la mbung'o, na mifugo haikuweza kuishi. Serikali ya kikoloni, ikikabiliwa na msongamano na mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Machakos, ilifyeka vichaka, ikagawa mashamba, ikahamishia familia huku. Wajukuu wa familia hizo ndio wanaouza maembe leo katika masoko ya Wote na Kathonzweni, na tulipokula maembe yale chini ya mwembe, juisi ikichirizika hadi kwenye kiwiko, ilikuwa vigumu kuamini kwamba hapo paliwahi kuwa himaya ya mdudu. Mbung'o alishindwa kwa sababu watu walijua kwa uhakika anakaa wapi: kichakani, kivulini. Mbu wa malaria anakaa kwenye maji, na maji hayafyekwi.

Hasa maji mapya. Mahali Mto Thwake unapokutana na Athi kunajengwa bwawa kubwa ambalo ujenzi wake ulianza 2018. Ukuta wake ni wa zaidi ya mita 80, na ziwa litakaloundwa limekusudiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 600 kwa ajili ya kunywa, umeme na umwagiliaji. Watu tuliozungumza nao wanalingoja kwa hamu, na nani angewalaumu? Mama anayetembea saa nyingi kutafuta mtungi mmoja ana haki ya bwawa. Lakini Anopheles funestus, ndugu wa tatu katika ukoo huu wa malaria, anapenda maji ya kudumu yenye nyasi pembeni. Katika nchi ambayo mbu wake hufuata mvua, ziwa la mwaka mzima linaweza kubadili kalenda nzima. Wakati wa kuhesabu mbu wa Thwake ni sasa, kabla ziwa halijajaa, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha.

Tukavuka Athi tukaingia Kitui, chini ya Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa lava unaokwenda karibu kilomita 300. Kitui ilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia: kwamba kuna namna ya kuhifadhi maji ambayo mbu haijui.

Mito mingi ya Kitui hutiririka siku chache tu za mvua, kisha ikabaki njia pana za mchanga. Wakulima, wakisaidiwa na mashirika kama Sasol ambalo limefanya kazi hii tangu miaka ya 1990, wamejenga mamia ya kuta za zege na mawe kukingama mito hiyo. Mvua ikija, mto huleta mchanga, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakabaki ndani ya mchanga. Kwa juu unaona ukavu. Ukichimba dhiraa moja unapata maji yaliyochujwa. Jua haliyanywi, mifugo haiyachafui, na mbu hana uso wa maji wa kutagia. Tulifika kwenye bwawa moja lililojengwa na mwethya, yaani kundi la kijiji la kusaidiana kazi, na wanawake waliokuwa wakichota wakatusimulia jinsi walivyobeba mawe kwa zamu, huku wakiimba na kupikiana chakula. Mama mmoja, mwenyekiti wa kundi, alisema hana haja ya kuambiwa faida yake: "Zamani tulitoka saa tisa usiku. Sasa mtoto anakwenda shule amenawa uso."

Kijana alipima mchanga wa bwawa, hakupata kitu. Kisha akatembea hadi kwenye mashimo ya kuchotea yaliyoachwa wazi, yenye maji kidogo yanayopigwa na jua. Akachovya kata. Viluwiluwi vilikuwamo, vimelala sambamba na uso wa maji. Mwenyekiti alitazama kwa muda, akaita vijana wawili, wakayafukia yale yaliyokuwa hayatumiki, na mengine wakayafunika kwa matawi. Jambo hilo halikuhitaji waraka wala semina. Kilichohitajika ni mtu wa kuonyesha na mtu wa kuona.

Alasiri alitualika kwake tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu na kupikwa na kunde hadi yakalainika, pamoja na ndengu za msimu ule. Kwetu ndengu huitwa pojo, na hatuzipiki bila tui la nazi. Za Kitui zilipikwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo, na utamu wake ni wa ndengu yenyewe. Baadaye ikaja asali ya Mwingi, nyeusi, yenye ladha ya moshi. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitakwenda kuisifu Kilifi. Akasema, "Sifa beba, lakini chandarua chako kiache huku. Mvua ikinyesha tutakihitaji."

Katika kituo cha afya cha jirani tabibu alitueleza uzito wa maneno hayo. Kulingana na uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020, kati ya watoto waliopimwa nchini asilimia 6 walikuwa na vimelea, na kando ya Ziwa Viktoria walikuwa asilimia 19. Nchi kavu iko mbali chini ya ziwa. Lakini mtu aliyekulia kando ya ziwa au Pwani, akiumwa mara kwa mara tangu utotoni, hupata kinga ya kiasi. Mtu wa Kitui hana kinga hiyo. Mvua ikizidi, malaria ikija, humwangusha mtoto na baba yake pamoja. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkali wa malaria katika nyika ya kaskazini mashariki mwa nchi, mahali ambapo watu walikuwa hawaitazamii. "Hapa kwetu," tabibu alisema, "ugonjwa ukiwa mdogo ndipo unapokuwa mjanja. Zamani kila homa tuliita malaria. Sasa tunapima kwanza. Lakini mgonjwa akitoka Mombasa au Kisumu kwa likizo, namuuliza safari yake kabla sijamuuliza jina." Nilijiona nimetajwa. Sisi wasafiri tunabeba vimelea katika damu, na mbu wa Kitui anangoja tu mtu wa kumpa.

Kitui ina kumbukumbu ya ugonjwa mwingine wa wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kaskazini mwa wilaya hiyo, upande wa Tseikuru, kala-azar iliua watu wengi kabla wataalamu hawajaunganisha ugonjwa huo na usubi wanaojificha kwenye vichuguu vya mchwa. Vichuguu vile bado vimejaa kila mahali, virefu kuliko mtu, na watoto huvichezea. Hapo pia jibu lilipatikana kwa kuuliza mdudu anaishi wapi.

Na Kitui imekuwa ikiwavuta watu waliotoka kwetu kwa muda mrefu. Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, aliyetoka Rabai, si mbali na nyumbani kwangu, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilizijua njia zote za kwenda Pwani. Miaka mitano kabla yake, Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa, wote wakiwa wamechukuliwa na homa ya Pwani. Ulaya ilichora mlima ule kwenye ramani zake kwa sababu Mkamba alikubali kumwonyesha mgeni njia. Kila ramani ya nchi hii, ya milima au ya mbu, imeanza na mwenyeji aliyefungua mlango.

Sasa kuna mgeni mwingine njiani. Mwishoni mwa 2022 wataalamu walimnasa katika kaunti ya Marsabit mbu aitwaye Anopheles stephensi, kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Huyu alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudan na Somalia. Asili yake ni Asia Kusini na nchi za Ghuba, na tabia yake inatisha: hutagia kwenye mitungi, matangi na mapipa, na huishi vizuri mjini na katika ukame. Ukambani kila nyumba ina tangi la maji ya mvua, kila duka lina mapipa, kila msiba una ndoo zilizojazwa usiku. Watu waliofundishwa na ukame kutunza kila tone ndio walio na mazingira anayoyapenda. Tangi lenye kifuniko kinachoziba vizuri na wavu mwembamba mdomoni mwa bomba linamzuia, na gharama yake ni ndogo. Lakini mtu hawezi kujikinga na mbu ambaye hajui kama amefika.

Kwa hiyo nina maneno kwa wanaohusika. Serikali za kaunti za Makueni na Kitui zina uwezo wa kujaza nafasi ile nyeupe bila kungoja mlipuko. Makueni ilionyesha njia mwaka 2016 kwa bima yake ya afya ya shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Septemba 2023 nchi iliwapa vifaa na simu wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na hao hupita nyumba kwa nyumba kila mwezi. Wafundishwe kutambua viluwiluwi vya Anofelesi, waandike mahali walipoviona, na kila kaunti iwe na vituo vichache vya kunasa mbu mwaka mzima: Kibwezi penye chemchemi, Thwake penye bwawa, Mwingi na Mutomo penye nyika, Kilungu penye baridi. Majibu yarudi kwa lugha ya mwananchi kwenye zahanati iliyo jirani na nyumba ambako mbu walinaswa. Wajenzi wa mabwawa wafuate mfano wa mchanga pale inapowezekana, na mashimo ya kuchotea yafunikwe.

Na kwako msomaji wa Pwani au wa kando ya ziwa unayekwenda Ukambani likizo: lala ndani ya chandarua hata kama mwenyeji wako anakwambia hakuna mbu, na ukisikia homa nenda kapimwe siku hiyo hiyo. Utakuwa umejilinda wewe, na utakuwa umewalinda waliokupikia muthokoi.